Eligio, Cheti Hukukichukua Wewe

Leo umetimia mwaka tangu ututoke, Eligio. Ulikuwa umekaa uani kwa mama hapa San Pedro, beseni mapajani, unamenya mbaazi kama ulivyozoea kila Jumapili, moyo ukasimama. Ulikuwa na miaka arobaini na mmoja. Ile ya kweli.

Watu wanakukumbuka kwa besiboli. Sisi tunakumbuka mifagio. Hakuna mfagio uliomaliza mwezi nyumbani kwetu, maana mpini ulikuwa gongo lako na vizibo vya chupa ndiyo mipira. Mama akikufukuza na kipande kilichobaki, ulikimbia huku ukimfundisha namna ya kukishika vizuri. Alikuwa anacheka mpaka anaketi chini.

Ukawa mchezaji mkubwa kule Marekani, uwanja mzima unaimba jina lako. Lakini kila ukirudi ulivua viatu mlangoni, ukaenda moja kwa moja jikoni kugombea ukoko wa wali na mdogo wako Radhamés. Wazee wa kiwanda cha sukari uliwasalimu mmoja mmoja, ukiwaulizia magoti yao. Hukuwa na makuu.

Ila jina lile lililoimbwa halikuwa lako. Lilikuwa la Radhamés.

Hapa ndipo tunapoinamisha vichwa. Ulikuwa na miaka kumi na tisa wakati Chago, mkufunzi aliyekuwa akiwatafutia vijana timu za ng'ambo, alipomwambia mama kwamba una mkono wa ajabu ila umeshazeeka. Wao walimtaka wa kumi na sita. Dada yako Nerys hakungoja. Alifungua sanduku la mama, akatoa cheti cha kuzaliwa cha Radhamés, mwenye miaka hiyo kumi na sita, akampa Chago. Radhamés alikubali kwa jozi moja ya viatu. Wewe ulikataa siku mbili nzima. Siku ya tatu mama akalia, ukakubali. Nyumba ngapi mtaani kwetu zimefanya hivyo? Nyingi tu, na hilo halituoshi.

Miaka tisa baadaye mambo yakafichuka, ukafungiwa kucheza. Waandishi wa habari wakajaa mlangoni kwetu. Nerys akaona majirani wamejipanga ukutani wanatazama, akaingiwa na hofu. Akawaambia watu wa redio: "Sisi hatukujua lolote. Ni tamaa zake mwenyewe."

Ulimsikia. Wiki iliyofuata ukafika nyumbani, ukala, ukasifu chakula, na habari ya redio hukuigusa. Nerys alikufuata jikoni akuombe radhi. Hukumwacha amalize. Ulimwambia, "Wewe ndiye unayekaa na hawa majirani kila siku, dada. Mimi nina pa kwenda."

Hukuwa na pa kwenda, Eligio. Ulirudi kucheza hapa hapa nyumbani, kwa jina lako halisi, na watu wetu wenyewe wakakuzomea. Kila ukiingia uwanjani walikuita babu, wakakuuliza kama gongo hilo ni la kupigia mpira au la kutembelea. Ulivua kofia ukawapungia. Sisi tulikuwa jukwaani, safu ya nne. Radhamés alitaka kusimama aseme ukweli, Nerys akamvuta shati akakaa. Tukarudi nyumbani, tena kwa gari lako.

Na hata siku ya mazishi hatukujirudi. Binti yako Yaritza, mtoto wa miaka kumi na minne, alimshika Nerys mkono pale kaburini, mbele ya watu, akamuuliza, "Shangazi, ni kweli baba alikuwa tapeli?"

Nerys akamjibu, "Mungu amsamehe."

Na sisi wengine tuliosikia tukatazama maua. Tumeishi na jibu hilo mwaka mzima, na halijatupa usingizi wala hamu ya kula.

Kwa hiyo yeyote anayesoma gazeti hili na ajue leo: cheti alikichukua Nerys, mama akijua, Radhamés akijua. Eligio alibeba jina tulilompa, kisha akabeba lawama zetu miaka yote ile, asimtaje hata mmoja wetu. Utusamehe, ndugu yetu, kama huko uliko kuna kusamehe.

Tunaokukumbuka ni mama yako Fredesvinda, mdogo wako Radhamés na dada yako Nerys. Yaritza tulimsomea maneno haya juzi, kabla hatujayapeleka gazetini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jina lake tusiliweke pamoja na yetu, yeye atamkumbuka baba yake kivyake. Tumeliondoa kwenye orodha yetu. Sisi nasi hatutakusahau maisha yetu yote.