Mama Afe Sehemu ya Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Nimeingia kituo cha televisheni! Chumba cha mikutano, kiyoyozi kikali kama tumehifadhiwa tusioze. Wakubwa watatu: Mkurugenzi wa vipindi, bibie wa masoko, bwana wa takwimu. Nikamwaga wazo langu la tamthilia — opereta wa simu hospitalini, mwanamke wa miaka hamsini na minane, anajua siri za jengo zima kwa kusikiliza sauti tu. Sikusema ni mama yangu, miaka thelathini na moja kwenye swichibodi. Mkurugenzi, macho kwenye simu yake muda wote, akainua kichwa: tumeipenda sana.

Nikamwambia mama. Kosa. Kufikia saa kumi na moja mtaa mzima ulikuwa unajua.

Jumatano, 13 Machi

Wameipenda, ila. Ila opereta awe na miaka ishirini na minne. Bwana wa takwimu amefungua jedwali: mvi hufukuza watazamaji. Nikauliza takwimu hizo kazitoa wapi. Eti ni makadirio. Yake mwenyewe! Nami nikaitikia tu, kichwa juu chini kama mjusi ukutani. Najidharau.

Ijumaa, 15 Machi

Opereta sasa ni mwanamume. Daktari. Ana pikipiki.

Uzalendo ukanishinda, nikasema: huyo mliyemfuta ni mama yangu mzazi. Bibie wa masoko akapiga makofi — basi tumpe daktari mama! Na afe sehemu ya kwanza, ili mwana awe na uchungu wa kutosha sehemu kumi na mbili. Mkurugenzi kanishika bega: una kipaji, dada.

Jumatatu, 18 Machi

Mkataba uko tayari. Jina langu la tatu, baada ya Mkurugenzi na mpwa wa Mkurugenzi.

Mama aling'ang'ania kunisindikiza, na gauni lake la harusini. Wakamkuta mapokezi, wakampa ajaribu kusoma. Kwenye hati mpya opereta wa simu ni mtu wa pembeni tu, sentensi moja: "Hospitali, nikuunganishe na nani?" Mama kaisema kama alivyoisema maisha yake yote. Mkurugenzi akakunja uso. Hapana, hashawishi, hana sauti ya opereta. Lakini sura ya marehemu anayo!

Nilitaka kumrukia. Mama akacheka, akakubali kabla sijafungua mdomo.

Jumanne, 19 Machi

Mkataba uko mezani, haujasainiwa. Wanautaka kesho saa nne. Nimemwambia mama sisaini, waende zao na pikipiki yao. Nimeongea mpaka sauti ikakauka.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kazi aliyoizoea. Kisha: "Mwanangu, miaka yote hiyo watu walinisikia tu. Waache wanione, hata kama nimekufa."

Imeniuma kuliko yote waliyonifanyia wale watatu. Kwa sababu hata mimi nilitaka watu wamsikie. Sikuwahi kumuuliza yeye anataka nini.

Sasa amelala kwenye kochi, mikono kifuani, anafanya mazoezi ya kuwa maiti. Kila baada ya muda anafungua jicho moja.

— Kifua kinapanda?

Kidogo, mama.

— Nabana pumzi tena. Nihesabie.

Kalamu iko mkononi, nahesabu. Kumi na saba. Kumi na nane. Uso umetulia kabisa, anaweza kweli! Kumi na tisa. Mama, inatosha. Ishirini. Mama —