Pani Niliyoisugua Mpaka Ikaharibika

Mama yangu,

Pani yako ya chapati haikuibiwa. Haya, nimesema. Miaka minne nimekuwa nikianza maneno hayo na kuyameza.

Unakumbuka ulipoenda ushago, kule kijijini, kumzika shangazi, ukaniachia kibanda chako cha chapati pale Kambi Muru? Ulinionyesha ile pani nzito ya chuma, nyeusi tititi, ukasema, "Hii haioni sabuni. Ipanguse ikiwa na moto, ipake mafuta kidogo, itundike." Nikaitikia tu. Nilikuwa nimehamia Kawangware, najiona nimefika.

Lakini si ni wewe uliyenilea ukisema mwanamke hupimwa kwa kung'aa kwa kitako cha sufuria yake? Siku ya kwanza mteja mmoja aliitazama pani akauliza kama huwa inaoshwa. Nikaona aibu. Jioni nikaisugua kwa waya na sabuni ya unga mpaka weusi wote ukatoka, nikailoweka kwenye beseni hadi asubuhi. Ikaamka na kutu. Chapati zikashika, zikatoka vipande vipande.

Ningekwambia tu. Badala yake niliitia kwenye gunia, nikaibeba hadi kwangu, nikaisukuma chini ya kitanda. Uliporudi nikasema mwizi aliingia. Ukaangalia kufuli, halikuwa limevunjwa. Ukasema polepole, "Ufunguo mwingine ako nao Mama Awino." Nikakuacha uamini hivyo.

Mama Awino wa madondo, yale maharagwe yake ya kuchemsha, jirani yako wa kibanda, ambaye mlikuwa mkila sahani moja. Tangu siku hiyo ukawa unageuza uso akipita, na mimi naona. Hata ulipolazwa, alipokuja na uji, ulinikonyeza nimwondoe, nami nikamwondoa. Naona haya hata kuandika hilo.

Mwezi uliopita niliitoa pani. Nikaisugua kutu, nikaikausha jikoni, nikaipaka mafuta na kuichoma, tena na tena, siku nzima, mpaka ikarudi nyeusi. Nikampelekea Mama Awino, nikapiga magoti mlangoni pake, nikamweleza yote.

Aliendelea kuchambua maharagwe. "Nilijua," akasema. "Ile siku nilikuja kwako Kawangware kukuona ukiwa na malaria, ilikuwa inachungulia kwa gunia chini ya kitanda."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Niseme nini? Mama yako angepata rafiki mwingine. Mtoto alikuwa na mmoja tu."

Kisha akanipa kigoda nikae, akaniuliza kama nimekula.

Heri angenitukana, Mama. Matusi ningeyabeba hadi Kawangware na kuyatua huko. Uliondoka duniani ukimwita mwizi mtu aliyekuwa anakulindia mtoto, na aliyekudanganya ni mtoto mwenyewe. Sikuombi unisamehe leo. Nimekuandikia ili umjue rafiki yako.

Pumzika, Mama.

Mimi, huyo mmoja wako.