Kilichosimama Njiani Sekenke

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima, ila mguu wa babu yako bado unamsumbua.

Unauliza kama kweli nililiona lile jitu la Sekenke. Nililiona, mchana, kando ya barabara: kama nyani, lakini refu kuliko mlango, limesimama kama mtu. Lilinitazama, likanipisha, likaingia porini.

Nikawaambia wazee. Wakakataza watu kushika sururu kwenye mashimo yetu ya dhahabu mpaka watambike. Tukatii. Tuliporudi tulikuta uzio. Wageni walishapewa kibali; ndiyo biashara huria tuliyosikia ikisifiwa redioni.

Wengi hulaumu mdomo wangu. Mimi nakumbuka jitu lilinipisha njia. Mlinzi wa wale wageni alinifukuza kwenye shimo alilochimba baba yangu.

Bibi yako