Chupa Mbili za Kamande

Kabazi, Subukia
8 Mei 2025

Mpendwa dada yangu Abby,

Mwanangu Kamande alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi, saa tatu asubuhi, akipakia viazi kwenye lori. Miaka thelathini na mbili. Unajua, lakini nataka tuanzie hapo. U hali gani huko Uswidi? Baridi imepungua? Sisi tunaamka, tunakama, tunalala.

Simu zangu kumi na nne hujashika, ndiyo maana naandika.

Shule niliishia darasa la nane, lakini kazi yako ulinieleza nikashika. Programu inapitia herufi za DNA, inatafuta vipande vifupi vinavyojirudia karibu na jeni, ambavyo ndivyo swichi zake za kuiwasha na kuizima. Ulipata kimoja cha herufi kumi: kwa bahati tu kingetokea mara tatu, kikatokea mara thelathini na nane. Herufi moja ikiharibika hapo, moyo unasimama ghafla, kama wa baba. Ukatuambia mtoto wa ndugu yetu Njuguna ana kasoro hiyo, wangu hana. Wa Njuguna akaanzishiwa dawa. Wangu akaendelea kubeba magunia.

Hesabu yako siilaumu. Lakini kompyuta haijui Kamande ni yupi. Mimi na Njuguna sote tulimpa kifungua mimba jina la baba, kama desturi inavyotaka. Krismasi ile ulipokuja kukusanya mate yao kwenye chupa, lebo niliandika mimi: Kamande, na Kamande. Hapa nyumbani nani angewachanganya? Ukacheka: "Wacha wasiwasi, kaka, nitaweka namba."

Siku hizi mke wa Njuguna akimwita mwanawe ng'ambo ya ua, mke wangu Waithera husimama. Juzi huyo Kamande alikuja na pakiti ya tembe mkononi. "Baba mkubwa, na kama hizi zilikuwa zake?" Waithera akamwambia, "Wewe meza tu. Abaki Kamande mmoja."

Marehemu ameacha binti, Shantel, miaka minne. Jumatatu tarehe 26 tunampeleka kliniki ya moyo Nakuru, na daktari anauliza kama babake alikuwa na kasoro. Nikimpa ripoti yako jinsi ilivyo, atamrudisha mtoto nyumbani bila kumpima.

Njuguna anakusalimu, Waithera pia, kwa shida. Mungu akutunze, dada ni wewe tu.

Sitaki pole tena. Kabla ya Jumamosi tarehe 24, saa sita mchana, nijibu neno moja: namba za chupa uliziandika hapa, ukiwaona wote wawili, au huko, ukiwa na lebo zangu tu?

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata sasa,
Ndung'u