Nguruwe nyuma ya zizi

Jumapili

Kuanzia hapa Gesima mpaka Keroka hakuna mtu anayechoma nyama kunishinda. Hata moshi wangu watu wanautambua.

Leo shemeji yangu Omwenga, Mkatoliki wa Tabaka, alitua na kilo mbili za nguruwe. Mke wangu, Msabato kweli kweli, akasimama mlangoni. "Baba Kwamboka, hiyo kitu isiguse sufuria yangu, wala kisu changu."

Sawa. Nikahamia nyuma ya zizi. Nilichonga vijiti vya mwanzi, nikapanga nyama, hoho, kitunguu, kisha nyama tena. Nikipepea jiko, nilimwambia Omwenga vile niliwahi kuchomea mabalozi kumi na wawili nguruwe huko Nairobi, wakalia kwa utamu.

"Na wewe Msabato ulionja?"

"Kuonja? Nilikula nguruwe kabla wewe hujabatizwa!"

Akanipa kijiti cha kwanza, mafuta yanadondoka. "Basi kula, shemeji. Ukishindwa, Tabaka yote itajua mdomo wako ni mkubwa kuliko tumbo."

Mke wangu alikuwa dirishani, akinitazama.

Nikala hoho. Nikala kitunguu. Omwenga alipoinama kugeuza vijiti, nikatafuna hewa kwa nguvu na kusifu chumvi. Aliamini, akaenda kwao akinisifu.

Lakini hapa niseme ukweli. Sijawahi kuonja nguruwe, naogopa. Vipande vitatu bado viko mfukoni mwa koti langu, na mke wangu amelipeleka kulifua.