Boti ya Zambia imekatazwa kubeba Mama

Katuba, siku ya mardi, magaribi

Nimechukia mpaka chakula kimenishinda. Mama ametelefona toka Pweto: hatakuja. Na mutoto wangu muchanga, Mama hajamubeba hata siku moja.

Mvua imeharibu barabara, basi alitaka kufuata ziwa mpaka Kilwa, ingali upande wetu wa mupaka, halafu apande gari mpaka huku. Alikuwa amekwisha kukaa ndani ya boti mupya ya plastiki, yenye gilet ya kuelea kwa kila muntu. Mukubwa wa bandari akamushusha.

“Mama, hii ilitengenezwa Zambia. Haina ruhusa ya kubeba bantu kati ya bandari zetu. Panda ile ya mbao, ya hapa kwetu, iko mutoto wa inchi.”

Mutoto wa inchi! Ile wanaitoa maji na sufuria njia yote.

Mama akamuuliza: “Papa shefu, na motere inayosukuma ile ya mbao pia ilizaliwa hapa Pweto?” Bantu wakacheka. Yeye akanuna.

Mama hajui kuogelea. Nimemukataza kupanda ile ya mbao. Nalia, lakini nimemukataza.

Inanichafua roho. Huyu mutoto wangu naye nilimuzalia Zambia, kwa dada yangu. Tulipovuka mupaka, hakuna aliyemukatalia kuishi Katuba. Siku moja na ile boti wataiacha ipite.

Nimemwambia Mama asitoe nguo ndani ya valizi.