Kengele ya Zawadi

Rumonge, Jumamosi, 1966

Mawese kwenye mnyororo! Saidi, mwenzangu wa safari, aliniambia yanafaa, nikamwamini, kana kwamba baiskeli inakula sombe, mboga ya majani ya muhogo. Tumetoka Bujumbura watu sita, tumebeba mablanketi ya watoto wagonjwa wanaolelewa na masera, watawa wa kanisa, hapa Rumonge. Kufika Muhuta, mnyororo wangu umeshika mchanga, hauzunguki. Wenzetu wakatangulia, Saidi akabaki nami. Mimi nikaufua ziwani kwa sabuni kama shati.

"Pole, ndugu yangu," Saidi akasema. Nikausugua mnyororo kwa nguvu.

Si hasira. Niliogopa. Zawadi, mutoto wa jirani yangu, iko pale kwa masera, na wanasema hatapona. Nilimwahidi nikirudi atapiga kengele ya baiskeli. Njia nzima nilikuwa naona kitanda kitupu.

Nimemkuta amekaa, ananitazama.

"Baba, umekawia! Wenzako wamefika zamani. Kengele iko wapi?"

Nimeifungua pale pale, nikamwachia. Masera wamenuna, nasikia. Na kengele pia naisikia, mpaka hapa tunapolala.

Apige tu.